Mtoto Mchanga Naye Apigiwe Hodi

Somo letu la safari hii ni lako wewe unayebaki na mdogo wako mama akiwa shambani, wewe unayesaidia kwenye kituo cha kulelea watoto, na wewe unayefikiria kwenda mjini kufanya kazi ya uyaya. Ni lako pia kaka unayesema, "Aa, hiyo kazi ya wasichana." Usifunge ukurasa, kaka, tutafika kwako.

Tuanze na swali. Mtu akija kwenu akaingia moja kwa moja mpaka chumbani bila hodi, utamwonaje? Na kijana akimpita mzee njiani bila kusema "Kamwene", si atasemwa mpaka jioni? Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunaijua sana heshima ya kutanguliza salamu. Sasa mbona mtoto wa miezi 7 hapigiwi hodi? Amekaa zake anachezea kifuniko cha sufuria. Ghafla mikono inatokea nyuma, inamnyanyua juu, inamkamua kamasi, inamvua nguo, inammwagia maji. Hakuna aliyemwambia neno. Akilia tunasema, "Huyu mtoto ana kisirani." Hebu fikiri ungekuwa wewe.

Hilo ndilo somo letu. Kabla hujamgusa mtoto, mwambie. Halafu subiri kidogo ajibu.

MSIMU WA KUPANDIKIZA

Tuichukue Madibira kama mfano. Ipo wilaya ya Mbarali, mkoa wa Mbeya, jirani kabisa na Mufindi ya mkoa wa Iringa. Maji ya mto Ndembera yanaingia kwenye mifereji, mifereji inayagawa kwenye majaruba, na hapo ndipo mpunga unapoota. Msimu wa kupandikiza ukifika, mama anaamka alfajiri kwa sababu miche haisubiri. Kazi yenyewe ni ya kuinama kutwa nzima, miguu ndani ya tope. Mtoto akiwa mgongoni atakuwa kichwa chini. Basi analazwa kwenye kanga, kwenye tuta lenye kivuli, na wa kumwangalia ni dada au kaka wa miaka 9, 11 au 13. Baadaye mpunga ukianza kutoa masuke, kazi inakuwa kuamia ndege, na mtoto anabaki tena na huyo huyo.

Kwa hiyo, kuna siku ambazo mtu anayekaa saa nyingi zaidi na mtoto mchanga si mama wala bibi. Ni wewe. Na pengine hakuna aliyewahi kukuketisha chini akakufundisha. Uliambiwa tu, "Mwangalie mdogo wako," basi.

ANAELEWA KABLA HAJASEMA

Wengi wanaona ni ujinga kuongea na mtoto ambaye hajui kuongea. "Unamwambia nini huyo, ataelewa?" Ndiyo, anaelewa, tena mapema kuliko unavyodhani. Mtoto anazaliwa akiwa tayari anaijua sauti ya mama yake, kwa sababu ameisikia tangu tumboni. Akikaribia mwaka mmoja, anageuka ukimwita jina, anajua "hapana", anajua "twende", ingawa yeye mwenyewe bado anasema "ba-ba-ba" tu. Maneno yanaingia siku nyingi kabla hayajaanza kutoka. Na ubongo wake katika miaka 2 ya kwanza unakua kwa kasi ambayo hautaipata tena maishani.

Unampigiaje hodi? Chuchumaa mbele yake, si nyuma. Akuone uso. Sema kwa sauti ya kawaida, "Sasa nakubeba, twende tukaoge." Nyoosha mikono yako halafu subiri. Hesabu moja mpaka tano moyoni, polepole. Mtoto wa miezi michache atakutazama, atakaza shingo, pengine atatikisa miguu. Akikua kidogo atanyoosha mikono yake kuja kwako. Hiyo ndiyo "karibu" yake. Siku za kwanza huenda asifanye chochote, lakini ukirudia kila siku, siku moja utaona ananyoosha mikono hata hujamaliza kusema. Ni furaha, usiambiwe!

Najua kuna atakayesema huo ni uzungu. Haya, tuanze na wazungu wenyewe. Mwaka 1946, baada ya Vita Kuu ya Pili, daktari wa watoto aitwaye Emmi Pikler alifungua nyumba ya kulea watoto wachanga katika mji wa Budapest, nchini Hungary. Wengi walikuwa hawana wazazi wa kuwalea. Wakati ule nyumba za namna hiyo zilikuwa na sifa mbaya: watoto walilishwa na kusafishwa kama bidhaa kwenye mstari wa kiwanda, na wengi walidhoofika hata pale chakula kilipokuwepo. Daktari huyo akawataka walezi wake wafanye mambo yanayoonekana madogo sana. Mlezi amwambie mtoto kila anachotaka kumfanyia. Mikono yake iwe taratibu. Mtoto ahudumiwe na walezi wale wale anaowajua, si leo huyu kesho yule. Watoto wale walikua vizuri, wachangamfu, na walezi kutoka nchi nyingi wakaenda kujifunza pale.

Sasa turudi kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1954 na 1955 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikuwa Uganda. Alitembelea familia 26 kwenye vijiji vilivyo karibu na Kampala, akakaa na akina mama wakiendelea na shughuli zao, akitazama watoto wachanga wanavyofanya. Aliona kwamba mtoto akishamzoea mlezi wake vizuri, anatambaa kwenda kuchungulia dunia, kisha anageuka kuhakikisha kama mama yupo, halafu anaendelea. Na watoto ambao mama zao walizijua vizuri dalili zao na kuziitikia, ndio waliokuwa watulivu zaidi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967, na sehemu kubwa ya yale yanayofundishwa leo duniani kuhusu mtoto na mlezi wake ilianzia hapo, kwa akina mama wa Uganda. Kwa hiyo jambo hili si geni hata kidogo.

KUOGA NA KUBADILISHA NEPI

Hapa ndipo hodi inapohitajika zaidi, maana mtoto yuko uchi mikononi mwa mtu.

Andaa vitu vyote kabla hujamgusa: beseni, sabuni, kitambaa, nepi au kanga safi, mafuta. Anza na maji ya baridi kwenye beseni, halafu ongeza ya moto, usianze na ya moto. Jaribu kwa kiwiko chako. Kiganja cha mtu aliyezoea kushika sufuria hakiaminiki.

Kisha ongea naye. "Navua shati. Nipe mkono. Huu. Na wa pili." Mtoto wa miezi 8 au 9 ataanza kukupa mkono mwenyewe. "Sasa maji kichwani, funga macho." Usimmwagie maji usoni kwa kumshtukiza kisha ukacheka anavyohema. Watu wazima wanapenda sana mchezo huo, lakini mtoto anadhani anakufa. Mfute kuanzia mbele kwenda nyuma, hasa mtoto wa kike, ili uchafu usiingie kwenye njia ya mkojo. Akiwa amejisaidia haja kubwa, usimkunjie uso na kusema "Phuu, unanuka!" Amefanya kile ambacho mwili wa kila mtu unafanya. Ukimaliza nawa mikono kwa sabuni. Kinyesi cha mtoto mchanga kina vijidudu vya kuharisha kama cha mtu mzima, hata kama bibi anakiita safi.

Kuna jambo lingine hapa ambalo halisemwi sana. Mtoto aliyezoea kuulizwa na kuambiwa kabla ya kuguswa, anakua akijua kwamba mwili wake ni wake. Siku mtu mwenye nia mbaya akitaka kumshika bila ruhusa, ataona ni jambo la ajabu, na kuna uwezekano mkubwa zaidi atasema. Yule aliyezoea kushikwa shikwa na kila mtu bila neno, atajuaje kwamba huyu wa leo ni tofauti? Vile vile, mfundishe majina ya viungo vyake vyote, bila kucheka.

UJI SI VITA

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba katika mkoa wa Iringa, zaidi ya watoto 56 kati ya kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Wastani wa Tanzania nzima ulikuwa 30. Iringa! Mkoa wa mahindi, maharage, viazi, maziwa na maparachichi. Chakula kipo, sasa mtoto anadumaaje?

Sababu ni nyingi: uji mtupu wa mahindi asubuhi mpaka jioni, kuharisha mara kwa mara, mama kufanya kazi nzito tangu akiwa mjamzito. Lakini nyingine ni jinsi tunavyomlisha. Tumbo la mtoto ni dogo, halijazwi mara moja kama gunia. Kuanzia anazaliwa mpaka miezi 6 ni maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana. Akitimiza miezi 6 anaanza chakula laini mara 2 au 3 kwa siku. Kuanzia miezi 9 ni mara 3 au 4, na kitu kidogo katikati, huku akiendelea kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi. Ukiachiwa chupa ya chai ya uji saa 12 asubuhi na mama anarudi saa 10 jioni, hesabu mwenyewe imekosekana milo mingapi. Ongea na mama jioni ile kabla. Karanga zilizosagwa kwenye uji, parachichi, yai, dagaa waliosagwa, maharage yaliyopondwa: vyote hivyo unaweza kumwandalia. Karanga nzima usimpe, itampalia.

Halafu kuna ile ya kumkaba. Wengi tumeiona: mtoto analazwa chali mapajani, mikono inabanwa, kiganja kinawekwa mdomoni kama bakuli, uji unamiminwa, akitaka kupumua anameza. Ni kweli uji unaisha upesi. Lakini uji unaweza kuingia kwenye njia ya hewa, na mtoto akapata homa ya mapafu au akafa papo hapo. Hata asipopaliwa, atajifunza nini? Kwamba chakula ni vita. Kesho yake akiona kikombe tu anaanza kulia, nawe unasema hapendi kula.

Mketishe wima mapajani mwako, akutazame. Mwonyeshe kijiko. "Uji huu, fungua." Subiri afungue mwenyewe. Mpe kijiko kingine cha kushika, atachafua, mwache achafue. Akigeuza uso, pumzika kidogo, mjaribu tena. Akigeuza tena, ameshiba, au anaumwa. Mlo wa namna hii unachukua dakika 20 hivi, si 5. Najua 20 ni nyingi, kuni bado na vyombo havijaoshwa. Lakini kati ya kazi zako zote za siku hiyo, hii ndiyo inayojenga mtu.

KULIA, KULALA NA KUCHEZA

Mtoto mchanga hana neno lingine, kwa hiyo kulia ndiko kusema. Njaa, nepi imelowa, usingizi, joto, baridi, upweke, maumivu. Pitia hizo moja moja huku ukimwambia, "Nakusikia, ngoja nione." Usimtishe eti mbwa anakuja au daktari atakuja kumchoma sindano. Ukimwogopesha daktari leo, siku ya chanjo mtahangaika wote wawili. Na usimpe dawa ya mafua au ya kikohozi ili alale. Dawa hizo zinaweza kumzuia kupumua.

Hasira je? Zitakuja. Mtoto akilia saa nzima, hata malaika atachoka. Ukiona mikono yako inatetemeka, mlaze mahali salama, ondoka hatua chache, kunywa maji, mwite jirani. Usimtikise kamwe. Kichwa chake ni kizito, shingo ni dhaifu, na ubongo unaweza kuvuja damu bila hata jeraha kuonekana nje. Akiwa na homa, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akilegea au akipata degedege, hapo si suala la kubembeleza. Mtu akimbie akamwite mama, na mtoto apelekwe zahanati au kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Akilala mchana shambani, alale ndani ya chandarua. Mpunga na mbu ni ndugu.

Kuhusu kucheza sitasema mengi, maana mtoto anajua kuliko sisi. Mpe kifuniko, kijiko cha mti, gunzi la mahindi, kitambaa. Kaa karibu, mwache. Yule daktari wa Budapest alisema mtoto asikalishwe kabla hajaweza kukaa mwenyewe. Hapo mimi simfuati mpaka mwisho. Wakipsigis wa Kenya huchimba kishimo, wakamkalisha mtoto humo ili ajifunze, na watafiti waliokaa nao miaka ya 1970 waliona watoto hao wanakaa na kutembea mapema kuliko wale wa Marekani. Beseni lenye nguo pembeni si dhambi. Dhambi ni kumsahau humo saa mbili.

MFEREJI

Mtoto anayetambaa anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha vidole vichache tu, hata kwenye ndoo. Hapigi kelele. Anatumbukia kichwa mbele na kunyamaza. Ukiwa shambani, kanga itandikwe mbali na mfereji, na wewe ukae upande wa maji, mtoto upande wa nchi kavu. Ukitaka kwenda hata hapo tu kuchota, mbebe. "Namwona kutoka huku" haitoshi, maana utamwona akitumbukia.

Ndiyo maana mtu mmoja asipewe watoto sita wanaotambaa. Akina mama wa mashamba jirani wanaweza kukubaliana msimu mzima: kila siku wawili wanabaki kivulini na watoto wote, wengine wanapandikiza, na zamu inazunguka. Ni vizuri watoto wazoee nyuso zile zile chache. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inataja wazi "malezi yenye mwitikio" na ulinzi wa mtoto, sambamba na afya, lishe na kujifunza. Kwa hiyo mkitaka kuanzisha kituo kijijini, nendeni kwa mwenyekiti na kwa afisa ustawi wa jamii bila aibu.

NA WEWE PIA NI MTOTO

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Umri wa chini wa kuajiriwa ni miaka 14, tena kwa kazi nyepesi isiyodhuru afya wala kuzuia shule. Kumsaidia mama kumbeba mdogo wako ni jambo jema. Kuacha shule wiki sita za kupandikiza kila mwaka ni jambo jingine, na hapo wazazi wanapaswa kuambiwa. Kama huwezi kusema mwenyewe, mwambie mwalimu au shangazi. Ipo pia namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, haina malipo.

Dada unayepanga safari ya kwenda Dar es Salaam kama wengi wa Iringa na Njombe: kabla hujapanda basi jua jina la bosi, mtaa, mshahara, siku ya kupumzika, na nani nyumbani anayo namba yake ya simu. Serikali imeweka kima cha chini cha mshahara wa wafanyakazi wa majumbani, ulizia. Ukifika, huyo mtoto utakayemkuta hakujui. Usimchukue mikononi mwa mama yake dakika ya kwanza. Kaa chini, msalimie, mwache akutazame siku nzima ikibidi. Na bosi naye ana wajibu wa kukusalimia wewe.

Kaka, tumefika. Hakuna kiungo cha mwanamke kinachohitajika kumbadilisha mtoto nepi. Maziwa ya mama tu ndiyo huna. Mbeleko inafungwa mgongoni kwa kijana wa kiume kama kwa dada yake, na kijana anayejua kumtuliza mtoto leo atakuwa baba anayejua kufanya hivyo kesho. Watakaokucheka, waachie mtoto dakika kumi.

ZOEZI

Fanyeni hili klabuni au darasani, wawili wawili. Mnahitaji kikombe cha uji wa uvuguvugu, kijiko na kitambaa. Mmoja afungwe macho na kuketi mikono ikiwa nyuma. Mwenzake amlishe vijiko vitano bila kusema neno lolote, haraka haraka, na katikati amfute mdomo ghafla kwa kitambaa. Kisha amlishe vijiko vingine vitano, safari hii akimwambia kila kinachokuja na kumngoja afungue mdomo. Badilishaneni. Halafu kila mmoja aeleze shingo yake, mabega na tumbo lake vilifanya nini mara ya kwanza, na mara ya pili vilifanya nini. Jioni mkifika nyumbani, jaribuni ile hodi kwa mtoto mdogo kuliko wote pale, siku saba mfululizo, na muandike kwenye daftari siku aliyonyoosha mikono kwa mara ya kwanza.